Maji ya Ambarisha: kufunga Ekadashi bila kuvunja wajibu mwingine

Anayeanza kufunga Ekadashi, funga ya Kihindu, hujiandaa kwa siku moja, kumbe funga hii ni ya siku tatu. Siku ya kumi ya mwezi hula mlo mmoja na usiku halali na tumbo zito. Ya kumi na moja anafunga. Ya kumi na mbili anafungua kwa wakati wake, na hapo ndipo mambo huharibika: mgeni yuko sebuleni, mtoto ana homa, kazini wanapiga simu, na muda wa kufungua unayoyoma.

Tuanze na tarehe, kwa sababu kosa la kwanza hutokea hapo. Ekadashi ni siku ya kumi na moja mwezi unapokua, na tena unapopungua, kwa hiyo ziko 24 kwa mwaka, au 26 mwaka wenye mwezi wa nyongeza. Siku ya mwezi, tithi, haianzi usiku wa manane wala magharibi. Huanza kila mwezi unapozidi kuliacha jua kwa nyuzi 12, na inaweza kuanza saa yoyote. Kanuni ya kawaida ni kutazama tithi iliyopo jua linapochomoza pale ulipo. Pale ulipo, si India! Tuseme Ekadashi imeingia saa kumi na nusu alfajiri kwa saa za Dar es Salaam. Wakati huo Kolkata ni saa moja asubuhi na jua limeshatoka, kwa hiyo wao watafunga kesho. Dar es Salaam jua bado, kwa hiyo ni leo. Mwenye kalenda iliyochapishwa kwa ajili ya India atafunga siku isiyo yake. Wafuasi wa mungu Vishnu wana sharti zaidi: siku ya kumi isiguse hata zile dakika 96 kabla ya jua kuchomoza, la sivyo funga husogezwa mbele. Uliza hekalu unalosali, ufuate hesabu moja mwaka mzima. Anayeruka kutoka kalenda hii kwenda ile kutafuta siku inayomfaa, hiyo nayo ni tabia inayotakiwa kufungwa.

Halafu nia, sankalpa. Asubuhi, ukishaoga, weka maji kidogo kwenye kiganja cha kulia, taja mahali, tarehe ya mwezi, jina lako, unafunga kwa ajili gani na kwa namna gani, kisha yamwage maji. Hiyo "kwa namna gani" ndiyo muhimu kuliko yote, na ndiyo wengi huiruka. Kuna kukaa bila maji kabisa, kuna maji tu, kuna matunda na maziwa, kuna mlo mmoja usio na nafaka. Ukisema "nitafunga" ukaishia hapo, ikifika saa tisa alasiri njaa ndiyo itakayokuamulia umefunga nini. Anza na matunda na maziwa. Funga ya bila maji ina siku yake maarufu, Nirjala, katika mwezi wa Jyeshtha kwenye joto kali la India. Si mahali pa kujifunzia.

Visivyoliwa ni nafaka zote na jamii ya kunde: mchele, ngano, mahindi, dengu, choroko, mbaazi, maharage. Vinavyoruhusiwa ni matunda, maziwa, karanga, viazi, na mihogo, ambayo Wagujarati wa Afrika Mashariki huiita mogo. Sabudana, zile punje nyeupe za kwenye maduka ya Kihindi, nazo ni wanga wa muhogo. Zioshe mpaka maji yawe maangavu, si meupe kwa wanga, kisha ziloweke kwa maji yanayozifunika tu, saa nne hadi sita. Punje ikibonyezwa kwa vidole viwili isagike yote. Ikibaki na kiini kigumu, bado. Kaanga binzari nyembamba na pilipili mbichi kwenye samli, weka viazi vilivyochemshwa, karanga zilizosagwa nusunusu, sabudana, chumvi ya mawe, ndimu mwishoni. Ikigeuka gundi, ujue hukuosha vizuri au maji yalizidi. Mtego mwingine ni mvuje: ule wa dukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Soma pakiti.

Lakini tahadhari na karamu ya vyakula vya funga. Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Kihindu, sura ya 2, inasema anayejinyima chakula, vitu vya hisi humwondokea lakini utamu wake hubaki moyoni. Sahani tatu za sabudana zinaulinda utamu huo vizuri sana. Upande wa pili, sura ya 6 inasema yoga si ya anayekula mno wala ya asiyekula kabisa, na sura ya 17 inawakemea wanaoutesa mwili kwa kujionyesha. Sura hiyohiyo inataja nidhamu ya ulimi: neno lisiloumiza, la kweli, la kupendeza na lenye faida, yote manne kwa pamoja. Aliyeshinda njaa huku akiwafokea wa nyumbani hajapata alama kwenye hilo.

Nani asifunge? Desturi ya zamani inaweka wajibu kuanzia umri wa miaka 8 hadi 80, na wagonjwa hawalazimishwi. Katika utenzi wa kale wa Mahabharata, mwenye hekima Vidura anataja vitu vinane visivyovunja nadhiri: maji, mizizi, matunda, maziwa, samli ya sadaka, ombi la Brahmana (mtu wa tabaka la makuhani), agizo la mwalimu, na dawa. Dawa imo. Mwenye kisukari anayeacha vidonge ili funga "iwe kamili" anajiongezea sharti ambalo hata Vidura hakuliweka. Aongee na daktari wake kabla, si saa nane mchana akiwa ameshaanza kutetemeka.

Sasa ile asubuhi ya tatu. Funga hufunguliwa baada ya jua kuchomoza, robo ya kwanza ya siku ya kumi na mbili ikiwa imepita, na kabla siku hiyo haijaisha. Kuna siku muda huo ni mfupi mno. Maandiko ya Bhagavata Purana, kitabu cha 9, yanamweleza mfalme Ambarisha aliyekuwa amemaliza nadhiri ya mwaka mzima. Akiwa karibu kufungua, akaingia Durvasa, mtawa mwenye hasira zinazojulikana. Mfalme akamkaribisha chakula, Durvasa akakubali, akaenda mtoni kuoga, akazama katika tafakuri. Muda ukawa unakwisha. Kula kabla ya mgeni ni kosa. Kupitisha muda ni kosa. Ambarisha hakukisia peke yake. Aliwauliza Mabrahmana waliokuwapo, wakakubaliana: anywe maji, maana kunywa maji huhesabiwa kuwa ni kula na pia si kula. Akanywa, akaendelea kumsubiri mgeni.

Durvasa aliporudi aliwaka hasira, akaumba pepo kutoka kwenye nywele zake, na gurudumu la Vishnu, silaha yake, likampiga pepo na kumkimbiza mtawa mwenyewe hadi kwa miungu Brahma, Shiva na Vishnu, wote wakashindwa kumsitiri. Akarudi kwa Ambarisha, akasamehewa. Mwaka ulikuwa umepita, na mfalme alikuwa hajala, anaishi kwa maji tu, akimngoja mgeni wake. Aliyoyanywa siku ile yalikuwa ya kulinda nadhiri, hayakuwa ya kumkwepa mgeni.

Kwa hiyo weka glasi ya maji karibu asubuhi hiyo, na ukibanwa, kunywa kwanza kisha mhudumie anayekuhitaji.

Anayedhani nadhiri haina mlango wa kutokea amtazame Bhishma wa Mahabharata. Aliapa kutooa na kutotawala ili baba yake amwoe Satyavati. Wana wa Satyavati walipokufa bila warithi, Satyavati mwenyewe, aliyeapiwa kwa ajili yake, alimsihi aoe. Alikataa. Neno lake lilibaki zima, ukoo ukaingia vitani.

Hata hivyo ruhusa nayo ina mpaka, na mfano bora uko katika maandiko ya kale ya Chandogya Upanishad. Ushasti Chakrayana, msomi maskini wa nchi ya Kuru wakati mazao yameharibiwa (na mvua ya mawe au nzige, wafasiri hawakubaliani), alimwomba mchunga tembo maharage aliyokuwa anakula. Makombo ya mtu mwingine, kitu alichokatazwa. Akapewa, akala. Mchunga tembo akamwambia, haya, na maji haya hapa. Ushasti akakataa: hayo ni makombo. Na maharage je? Bila maharage nisingeishi, akajibu. Maji nayapata nikitaka. Yaliyobaki akampelekea mkewe, naye alikuwa ameshapata chakula cha kuomba, akayaweka. Asubuhi Ushasti aliyala yale maharage yaliyolala, akaenda kwenye sadaka ya mfalme kufanya kazi yake.