Jibu: Biti kuhama na kuungua wakati wa kutoboa flatibaa

Habari ndugu. Umeeleza kwamba wewe na binti yako mnatoboa flatibaa (chuma bapa) ya unene wa milimita 6 kwa keekee ya mezani, yaani mashine ya kutobolea, na kwamba biti yake (chuma cha kutobolea) ya milimita 10 huhama alama, hulia, kisha ncha yake hugeuka buluu. Kagueni mwendo kwanza: kwa biti ya kawaida na chuma laini, mizunguko kama 800 kwa dakika inatosha, na mkanda wa keekee ukiwa umewekwa kwenye mwendo wa kasi zaidi biti huungua upesi. Kwa kuwa imekwisha kuungua, inoeni upya, kwani makali butu husugua tu bila kukata. Kisha pigeni alama kwa panchi (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo), mtangulize biti ya milimita 3, ndipo ifuate kubwa huku mkidondosha oili.

Kwetu mwanangu ndiye anayeshika mpini wa keekee na kunieleza nyuzi za chuma zinapoacha kutoka ndefu zilizojikunja; mimi hujitahidi kunyamaza, kazi ngumu kuliko kutoboa. Flatibaa ibanwe kwenye jiliwa (kifaa cha kubania), nywele zifungwe, miwani ivaliwe, na glovu zivuliwe kabisa, maana biti huzinasa pamoja na kidole. Hukutaja chuma hicho kilitoka wapi. Kama ni springi ya gari, ni kigumu mno na biti hiyo haitakiweza.