Argwings-Kodhek alikuwa wakili kabla ya kuwa waziri

Wengine hudhani Barabara ya Argwings-Kodhek, ile ya mtaa wa Hurlingham jijini Nairobi, ilipewa jina la waziri tu. Hapana, si waziri tu. C.M.G. Argwings-Kodhek ndiye Mwafrika wa kwanza Mkenya kufanya kazi ya uwakili Nairobi, siasa ilifuata baadaye. Alisomea sheria Uingereza, akarudi miaka ya hamsini akapewa kazi serikalini lakini mshahara ukawa theluthi moja ya ule wa Mzungu wa cheo hichohicho, akaikataa akafungua ofisi yake mwenyewe. Na kesi alizochukua ndizo zilimfanya aheshimike, aliwatetea washukiwa wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, kipindi ambacho mtu akikutwa na bunduki ama risasi tu anaweza kunyongwa, sasa fikiria wewe ndiye wakili Mwafrika unasimama mbele ya jaji wa kikoloni kumtetea huyo. Mimi hiyo naiweka juu kuliko uwaziri wowote.

Siasa nayo ilikuwepo kweli, aliongoza chama cha Nairobi District African Congress, akashindwa na mwanasiasa mwenzake Tom Mboya uchaguzi wa 1957, baadaye akawa mbunge wa Gem na waziri wa mambo ya nje. Alikufa Januari 1969, miezi michache tu kabla Mboya naye hajauawa. Taarifa rasmi ilisema ni ajali ya gari, kuna watu hadi leo hawaikubali, kwa hivyo ukiandika tanzia yake sema "kwa mujibu wa taarifa rasmi" usiseme moja kwa moja kuwa ilikuwa ajali.