Maswali ya Wasomaji: Kioo cha Paa la Gari Kikiumia, Kitengenezwe au Kibadilishwe?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, gari langu lina kioo cha paa kinachofunguka kwa swichi, kile ambacho wengi hukiita sanirufu. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nyuma ya lori lililobeba kokoto, nilisikia kishindo kidogo juu ya kichwa, na nilipofika niendako nikakuta kishimo cha ukubwa wa punje ya mahindi karibu na katikati ya kioo hicho. Fundi wa kwanza aliniambia kwamba angekijaza rezini, ile gundi angavu inayoganda, kama alivyonifanyia mwaka jana kwenye kioo cha mbele, na kazi ile imedumu hadi leo. Fundi wa pili alikataa hata kukigusa, akasema kioo chote ni cha kutolewa. Shemeji yangu naye hachoki kunikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimsikilize nani, na je, ninaweza kuendelea kuliendesha gari wakati bado ninatafakari?

JIBU: Ndugu msomaji, mafundi wako hawabishani kuhusu ukubwa wa kishimo bali kuhusu aina ya kioo, ingawa yaelekea hakuna aliyekueleza hivyo waziwazi. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja, na katikati yake pana utando wa plastiki. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 100, kwani mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliiona chupa ya maabara ikianguka na kupasuka bila kutawanyika, kwa sababu ndani yake palikuwa pamekauka utando wa selulosi ulioshikilia vipande. Jiwe linapokipiga kioo cha tabaka, mara nyingi huumia tabaka la nje peke yake, na hapo fundi anaweza kuinyonya hewa iliyomo kwenye kishimo, akaingiza rezini na kuikausha kwa taa ya miale ya urujuanimno. Ndivyo alivyokufanyia mwaka jana, na hakukosea.

Vioo vingi vya paa, hasa vile vinavyofunguka, si vya namna hiyo. Ni kioo kimoja kilichopashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapulizwa hewa baridi kwa ghafla ili uso ugande kabla ya kiini. Kiini kinapopoa baadaye hutaka kusinyaa, lakini huzuiwa na uso ambao umekwisha kuwa mgumu, hivyo nyuso zote mbili hubaki zimebanwa na kiini hubaki kimevutwa siku zote za maisha ya kioo hicho. Mbano huo ndio unaokiwezesha kustahimili vishindo ambavyo kioo cha kawaida kisingevistahimili, nao ndio pia unaokifanya kisitibike. Katika kioo chenye unene wa milimita 5, ngozi iliyobanwa ina takriban milimita 1 kila upande. Jiwe likiishia ndani ya ngozi hiyo, litaacha kishimo na kioo kitaendelea kukaa, lakini ufa ukifika kwenye kiini, nguvu yote iliyofungiwa humo hufunguka kwa mara moja na kioo kizima hugeuka punje kabla hujajua kilichotokea.

Hapo ndipo penye njia rahisi ya kuyapima maneno ya fundi yeyote. Kioo kilichokaziwa kwa joto hakiwezi kubeba ufa mrefu uliotulia, kwani ama ni kizima ama ni punje. Ukiona juu ya paa ufa wa urefu wa kiganja uliokaa siku tatu bila kioo kumwagika, karibu hakika hicho ni kioo cha tabaka. Ukiona kishimo tu, kama chako, bado hujui, na itakubidi usome alama iliyochapwa kwenye pembe ya kioo. Vioo vingi huandikwa «Tempered» au «Toughened» kwa kile kilichokaziwa kwa joto, na «Laminated» kwa kile cha tabaka. Herufi E iliyo ndani ya duara, ambayo watu wengi hudhani inaeleza aina, huonyesha tu kwamba kioo kimeidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa za vyombo vya barabarani, na nambari iliyo kando yake ni ya nchi iliyotoa idhini. Ikiwa alama imefifia, fungua kioo nusu na utazame ukingo wake kwa tochi. Pale ambapo ukingo haukufunikwa na mpira, kioo cha tabaka huonyesha mstari mwembamba wa utando katikati ya unene wake.

Ikiwa chako ni cha tabaka, fundi wa kwanza ana haki, nawe usikawie, maana vumbi na maji vikishaingia kwenye kishimo, rezini haitashika vizuri hata ikimiminwa na bingwa. Kishimo kisichozidi sentimita 2 na nusu hivi, kilicho mbali na ukingo, na ambacho hakikugusa tabaka la ndani, hutengenezeka bila shida. Ufa ulioanzia ukingoni ni habari nyingine. Paa la gari hujipinda kidogo kila gurudumu moja linapopanda juu ya kitu, na kioo kipana cha paa hujipinda nalo, hivyo ufa wa ukingoni huendelea kutembea hata baada ya kujazwa, nami sioni busara ya kuulipia mara mbili.

Ikiwa ni cha kukaziwa kwa joto, ambalo ndilo ninalolitarajia kwa kioo cha kufunguka, fundi wa pili ndiye wa kusikilizwa. Rezini itakijaza kishimo na kukipendezesha, lakini haitaurudisha mbano uliopotea mahali pale, na lile shinikizo la kuiingiza linaweza lenyewe kuusukuma ufa hadi kwenye kiini, kioo kikamwagika mikononi mwa fundi. Shemeji yako mpe heshima yake, ila mwambie kwamba methali ile ilitungwa na watu waliokuwa na udongo wa kuzibia.

Kuhusu kuendesha, gari si la kuegeshwa leo hii, lakini kioo hicho usikihesabu tena kuwa kizima. Funga pazia la ndani la paa kila unapoendesha, ili punje zikianguka ziangukie hapo na si machoni mwako. Usimwagie paa lililochomwa na jua maji baridi, usifunge chochote juu yake, na uipunguze mwendo kwenye barabara kuu, kwa sababu hewa inayopita juu ya paa kwa kasi hukivuta kioo kuelekea nje. Mkwaruzo mwepesi ambao ukucha haunasi ni jambo jingine kabisa. Huo unaweza kuung'arisha au kuusahau, kwani hakuna dereva anayeangalia barabara kupitia paa.

Jambo moja zaidi kabla hujaogopa gharama: kukibadilisha kioo si lazima kuwe kuubadilisha mfumo mzima wa paa. Katika magari mengi kioo cha kufunguka kimeshikwa kwa skrubu chache zinazofikiwa kutoka ndani, na reli, nyaya na mota hubaki mahali pake. Ukiambiwa kwamba ni lazima kununua fremu yote, uliza ni kitu gani kwenye reli kimeharibika na uonyeshwe. Ufundi wenyewe umo zaidi katika kukisawazisha kioo kipya, ambapo ukingo wa mbele huwekwa sawa na bati la paa au chini yake kidogo mno na ule wa nyuma juu yake kidogo, la sivyo upepo utapiga mluzi tangu siku ya kwanza. Mota nayo mara nyingi huhitaji kufundishwa upya inapoanzia na inapoishia, na utaratibu wake huwa katika kitabu cha gari. Kioo kisichofunguka, kilichogandishwa kwa gundi ya poliurethani, huleta kazi kubwa zaidi, kwa kuwa huenda kitambaa cha dari kikalazimika kushushwa, na kandokando ya dari katika magari mengi ya siku hizi hulala mifuko ya hewa ya pembeni. Kazi hiyo usimpe mtu ambaye hakuuliza kwanza kuhusu kutenganisha betri. Na ukishaambiwa usubiri saa kadhaa gundi ikauke kabla ya kuendesha, subiri.

SWALI: Kioo cha paa la gari langu kilipasuka usiku gari likiwa limeegeshwa, likiwa halijaguswa na mtu. Asubuhi nilikuta punje tele kwenye viti. Nashuku kwamba kuna mtu alikirushia jiwe, ingawa sikuliona jiwe lolote ndani. Je, kioo kinaweza kupasuka chenyewe? Na baada ya kukibadilisha nitajuaje kwamba hakitarudia?

JIBU: Kinaweza, na usimtuhumu jirani kabla ya kulijua hilo. Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni kijeraha cha zamani ambacho hukukiona, hasa kwenye ukingo, ambacho kilipanuka paa lilipopoa usiku baada ya joto la mchana. Sababu iliyo adimu ni chembe ya nikeli salfaidi iliyonaswa ndani ya kioo kiwandani. Chembe hiyo hubadili umbo lake polepole na kuongezeka ukubwa, na ikiwa imekaa kwenye kiini kilichovutwa, siku moja hukipasua kioo bila kuguswa, pengine miaka mingi baada ya kutengenezwa. Kosa la ufungaji nalo husababisha hayo hayo, kwa mfano skrubu iliyokazwa kupita kiasi au kioo kinachogusana na chuma mahali palipotakiwa pawe na mpira.

Hapa uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha umekwisha kujifanya wenyewe, lakini kuna mambo matatu ya kufanywa kabla ya fundi kuleta kioo kipya. Piga picha kila kitu kabla ya kufagia, ukionyesha ukingo wa vipande vilivyosalia, kwa kuwa kampuni ya bima itataka kuziona, na usome mkataba wako kama vioo vya paa vimetajwa pamoja na vile vya madirisha, maana si mikataba yote inayovihesabu pamoja. Usiibonyeze swichi ya paa hata kwa majaribio, kwani punje zilizo kwenye reli zitasagwa na kuikwangua njia ya kutelezea, na hapo ndipo bei ya kioo hugeuka bei ya mfumo mzima. Halafu hakikisha reli na vitundu vya kupitishia maji vimenyonywa kwa mashine ya kufyonza vumbi, si kupulizwa kwa hewa, kwani hewa huzisukuma punje ndani zaidi. Hadi siku ya kazi, funika tundu kwa karatasi ngumu ya nailoni, na utepe wa kunata uwe ule wa wapaka rangi, usioondoka na rangi ya gari.

Ama kuhusu kurudia, huwezi kuyaona yaliyo ndani ya kioo kipya. Unachoweza kukikagua ni ukingo wake kabla hakijafungwa, kwa kidole kilichovaa glavu na kwa jicho. Kikiwa na kibanzi kilichomeguka, hata kidogo kama chembe ya mchele, kirudishe.

SWALI: Paa la gari langu linavuja pembeni kila mvua inaponyesha. Kioo hakina ufa wala kishimo. Fundi anasema mpira umechoka na kwamba kwa kuwa mpira hauuzwi peke yake, ni lazima ninunue kioo kizima. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwamba katika magari kadhaa mpira umeumbwa pamoja na kioo na hauuzwi peke yake. Si kweli, hata hivyo, kwamba mpira huo ndio unaoyazuia maji yote. Kioo cha kufunguka hakikuundwa kizibe kama kifuniko cha chupa. Maji machache hupita ukingoni kwa makusudi, yakaangukia kwenye mfereji unaokizunguka, kisha yakateremka kwa mipira myembamba ya kupitishia maji iliyo kwenye pembe, ndani ya nguzo za gari, hadi chini nje. Majani na vumbi vikiiziba mipira hiyo, mfereji hufurika na maji hutafuta kitambaa cha dari.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, fungua kioo, mimina kikombe kimoja cha maji polepole kwenye kila pembe ya mfereji, na mtu mwingine aangalie chini ya gari kama yanatoka. Yasipotoka, zibua kwa waya laini wa nailoni, wala usitumie hewa ya kompresa, ambayo inaweza kuuchomoa mpira kutoka kwenye shingo yake ndani ya nguzo, na kuurudisha huko ni kazi ya siku nzima. Yakitoka vizuri katika pembe zote na dari bado inalowa, hapo urudi kwa fundi wako mkazungumze juu ya mpira wa ukingo wa kioo.

SWALI: Nimepata kioo cha paa kilichotolewa kwenye gari lililogongwa, cha aina ileile ya gari langu. Pia kuna mtu aliyenishauri niweke karatasi ya plastiki ngumu badala ya kioo kwa kuwa haivunjiki. Kipi ni bora?

JIBU: Kioo kilichotumika, ikiwa ni kizima. Linganisha nambari ya kipuri na si jina la gari peke yake, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na mapaa mawili yaliyopishana mpindo kwa milimita chache, nazo zinatosha kukifanya kisikae. Kagua ukingo wote kwa namna niliyomweleza msomaji ambaye kioo chake kilipasuka usiku, na uulize gari lilipogongwa lilipinduka au halikupinduka. Kama lilipinduka, kiache. Plastiki ya polikaboneti ni imara, na wapo watengenezaji magari walioitumia kwenye mapaa yao, lakini ile iliundwa kwa mpindo wake, ikapakwa ngozi ya kuzuia mikwaruzo na jua, na kuidhinishwa. Karatasi iliyokatwa kwa msumeno kwenye gereji haina hata kimoja kati ya hivyo, itafifia na kujikunja kwa joto, na mota itakuwa inavuta kitu kisicholingana na reli zake.