Kabla hamjakodi daladala kwenda kituo cha yatima

Mwaka wa kwanza nilipopewa ulezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki, parokiani kwetu, hapa Morogoro, nilifanya nilichoona wengine wakifanya. Tulichangisha, tukanunua unga, sabuni, mafuta ya kula na katoni za biskuti, tukakodi daladala hadi kituo cha kulelea yatima. Tukaimba, tukagawa, tukajipanga kwa picha. Hapo mtoto wetu mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, yule tunasoma naye darasa moja." Nilipogeuka, yule mtoto alikuwa ameshaingia jikoni, na hakutoka mpaka tukaondoka. Shuleni hakuwahi kumwambia mtu anaishi wapi. Jumatatu darasa zima lilijua.

Nilirudi kumwomba radhi. Aliitikia "haya" bila kuniangalia.

Nilipomsimulia paroko, aliniuliza swali moja tu: katika mzigo ule wote, watoto wenu walitoa nini cha kwao? Nikakosa jibu. Kinachouma ni kwamba historia ya shirika letu nilikuwa nawakaririsha kila mwaka: lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, akiwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Senti moja! Askofu mzima angeweza kuwaendea matajiri. Nilikuwa naifundisha kama swali la mtihani.

Safari hii sikutafuta kituo. Nilimwendea mwenyekiti wa jumuiya, maana jumuiya ndogo ndogo za waumini majirani ndizo zinazojua nani anaumwa na nani amebaki peke yake. Akanielekeza kwa bibi mmoja ambaye wanawe wako mbali. Tulimwuliza kwanza anataka nini, na nawasihi msiruke hatua hii. Mimi nilikuwa nimeshapanga mchele na sukari. Bibi akasema chakula anacho, kinachomtesa ni maji, kwa sababu kisima kiko bondeni na magoti yamekataa.

Basi ikawa maji. Watoto wanne wanne kwa zamu, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, wadogo na madumu ya lita 5, wakubwa na ndoo za lita 10. Wazazi waliridhia kwanza, na kila mara tunakuwa watu wazima wawili, hasa pale kisimani. Simu zinabaki mfukoni.

Jumamosi ya kwanza, tukiwa katikati ya kilima, kijana mmoja akatua ndoo akaniuliza kwa dhati kabisa: "Mwalimu, kwani tumekosa nini?"

Nilicheka, kisha nikaona hana kosa. Mtoto wetu kazi hizi anazijua kama adhabu. Akichelewa namba, anafagia uwanja. Akipiga kelele darasani, anamwagilia bustani. Na mimi mwenyewe, kwenye mafundisho ya Jumapili, nilikuwa na msemo wangu: "Wasumbufu ndio watakaobaki kufagia kanisa." Halafu nataka mtoto huyohuyo aamini kwamba kumchotea bibi maji ni upendo! Ule msemo niliuacha siku ile. Na ndoo nabeba na mimi, tena ya lita 20, ingawa mgongo unalalamika. Mlezi anayesimama kivulini na daftari la mahudhurio anafanana mno na mwalimu wa zamu.

Jambo jingine nililolibadilisha ni wakati wa kusoma Neno. Zamani nilianza na mahubiri marefu ndipo kazi. Sasa tunasoma tukishamaliza, mashati yamelowa, tumekaa chini ya mwembe wa bibi. Nilipowasomea Mathayo 25, "nalikuwa na kiu, mkaninywesha", binti mmoja wa darasa la tatu akadakia: "Kumbe ni maji tu!" Sikuongeza neno.

Wakati wa Kwaresima tunaweka kopo lenye tundu, na anayejinyima barafu ya ubuyu anadumbukiza alichojinyima. Hatuhesabu cha nani ni kiasi gani, maana wapo wasiopewa hela ya matumizi kabisa. Mama mmoja aliwahi kumpa mwanawe noti ya shilingi 10,000 aitumbukize. Niliirudisha, nikamwomba aitoe yeye mwenyewe Jumapili kwenye sadaka. Alinuna kidogo. Wazazi wengine walinung'unika kuona wavulana wanafagia na kuosha sufuria, lakini hapo sikujadiliana sana.

Kosa langu la mwisho lilikuwa karanga. Bibi alizichemsha awape watoto, mimi nikakataa, nikidhani tunamwongezea gharama. Alinikazia macho: "Mnataka kunifanya ombaomba?" Tangu siku ile tunakula anachotoa na kushukuru. Naye amejiteua mwalimu wao. Hawamwamkii vizuri, anawarudisha getini waanze upya na "Tumsifu Yesu Kristo" halafu "Shikamoo bibi". Wakifagia, anataka wafagie wakirudi nyuma, wasikanyage palipokwisha kufagiliwa.

Masika yalipoanza, mapipa yake yalijaa maji ya bati, kazi yetu ikawa imekwisha. Niliwatangazia watoto wapumzike mpaka mvua ziishe. Jumamosi iliyofuata nilipita njia ile nikakuta watatu kibarazani kwa bibi, mkeka umetandikwa, wanachambua mchicha, na mmoja anagombezwa kwa kutupa majani mazuri pamoja na mabovu.