Maswali na Majibu: Faharasa Moja, Nyuzi Nyingi

Maswali ya safari hii, mengi yakiwa ya watengenezaji wa tovuti walio Arusha na Moshi, yanahusu Lucene, maktaba ya msimbo ya kutafuta maandishi, ndani ya programu za Java zinazohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Nimeyafupisha. Karibu yote yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba faharasa, yaani mafaili ambayo Lucene hutafuta ndani yake, inatumiwa na kila uzi (mfuatano wa kazi unaoendeshwa sambamba na mingine) lakini hakuna sehemu ya programu iliyokabidhiwa kazi ya kuifungua na kuifunga.

Tovuti yetu ya safari za mbugani hufungua kisomaji cha faharasa kila ombi linapoingia, kisha hukifunga. Julai wageni wakiongezeka, mwendo hushuka na hitilafu ya mafaili mengi kupita kiasi hutokea. Je, tuongeze kikomo cha mafaili? (Njiro, Arusha)

Msiongeze chochote kabla ya kuacha mtindo huo, ambao nimeukemea hapa mara nyingi na bado naukuta katika programu za watu wenye uzoefu. IndexReader (kisomaji) na IndexSearcher (kitafutaji) zimeundwa zitumiwe na nyuzi nyingi kwa pamoja bila kufuli lolote la ziada, yaani kizuizi cha kupitisha mmoja mmoja. Kinachogharimu ni kufungua kisomaji, kwa sababu kila kipande cha faharasa kina mafaili yake ya kufunguliwa na maelezo yake ya kusomwa upya, na mnailipa gharama hiyo kwa kila mgeni anayetafuta hoteli.

Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2011 Lucene ina SearcherManager, iliyowekwa mahsusi kwa kazi hii. Iundeni mara moja programu inapowaka. Kila ombi lichukue kitafutaji kwa acquire na kukirudisha kwa release ndani ya finally, ili kirudi hata utafutaji ukishindwa katikati. Kwa kuwa kisomaji huonyesha faharasa kama ilivyokuwa wakati kilipofunguliwa, uzi mmoja wa pembeni uite maybeRefresh, yaani ukihuishe, kila baada ya sekunde chache; vipande ambavyo havijabadilika vitatumika tena, na vipya pekee ndivyo vitakavyofunguliwa. Msiiweke kazi hiyo ndani ya maombi ya wageni, kwa maana atakayeiangukia atasubiri kwa niaba ya wote.

Naongeza onyo ambalo hamkuliomba. Kamwe msiite close kwenye kisomaji cha kitafutaji mlichokichukua kwa acquire. Dereva wa daladala hazimi gari na kuondoka na ufunguo kwa sababu abiria mmoja ameshuka. Ubaya wa kosa hili ni kwamba AlreadyClosedException hujitokeza katika uzi usio na hatia, huku uzi uliofunga ukimaliza kazi yake salama, na mtu anaweza kupoteza wiki nzima akichunguza msimbo usio na kasoro.

Programu ikigoma kuwaka, husema imeshindwa kupata kufuli. Huwa nafuta faili la write.lock nayo inawaka. Naomba amri ya kulifuta kila seva inapowashwa. (Moshi)

Sitakupa amri hiyo, na ninawasihi wote wanaoniuliza swali hili waache kuniuliza. Kwa kawaida Lucene hutumia kufuli la mfumo endeshi wenyewe, kwa hiyo faili la write.lock linaweza kubaki diskini bila kuzuia chochote. Ukiambiwa kufuli limeshindikana, maana yake ni kwamba kuna IndexWriter (kiandishi cha faharasa) nyingine iliyo hai, na mara nyingi ni ya toleo la zamani la programu yako ambalo Tomcat, seva inayoendesha programu za Java, imeliondoa kabla halijafunga vitu vyake. Ukilifuta faili, unafungua njia ya viandishi viwili kuandika katika saraka moja, na hapo faharasa inaweza kuharibika. Andika msikilizaji wa mwisho wa programu, yaani contextDestroyed, usimamishe kwanza uzi wa kuhuisha, kisha ufunge SearcherManager, kisha IndexWriter.

Je, QueryParser moja (kichanganuzi cha maneno ya mtafutaji) inaweza kuwa static, yaani ya pamoja, na kutumiwa na nyuzi zote? (Sakina, Arusha)

Hapana, unda mpya kwa kila ombi.

Orodha yetu ya vipuri huonyesha bidhaa ileile mara mbili au tatu. Kabla ya kuongeza, tunatafuta kwanza kama ipo, na msimbo wote tumeuzungushia synchronized (kufuli la Java) juu ya IndexWriter. (Himo)

Kutafuta kwanza hakusaidii, kwa sababu kitafutaji chenu hakioni hati iliyoongezwa baada ya kisomaji chake kufunguliwa, hata mkiweka makufuli kumi. Wekeni namba ya bidhaa katika uga usiokatwakatwa maneno, kisha muite updateDocument kwa namba hiyo. Lucene itafuta ya zamani na kuingiza mpya kama tendo moja. Synchronized hiyo iondoeni leo. IndexWriter ni salama kwa nyuzi nyingi, na maelezo yake rasmi yanakataza kuifunga kutoka nje, kwa kuwa jambo hilo linaweza kuzifanya nyuzi zisubiriane bila mwisho. Mkilazimika kuwa na kufuli, litumieni kwenye kitu chenu wenyewe.

Shikamoo mwalimu. Amri ya df inaonyesha diski ya seva ya maktaba imejaa, lakini nikiipima saraka ya faharasa kwa du ni ndogo sana. Nikiwasha programu upya, nafasi inarudi. Je, ni hitilafu ya Linux? (Tengeru, Arusha)

Marahaba. Linux haina kosa, na umefanya vizuri kupima kwa amri zote mbili, maana wengi hukimbilia kununua diski.

Lucene haibadilishi kipande kilichokwisha kuandikwa. Huandika vipande vipya, huviunganisha vidogo kuwa vikubwa, kisha hufuta vya zamani. Faili likifutwa katika Linux, jina lake hutoka kwenye saraka papo hapo, ila nafasi yake haiachiliwi mpaka anayelitumia wa mwisho aliachie. Amri ya du huhesabu yenye majina, ilhali df huhesabu nafasi iliyokaliwa kwa kweli. Nafasi inayorudi ukiwasha programu upya ndiyo uzito wa visomaji vya zamani ambavyo programu yako imevichukua na haikuvirudisha. Endesha lsof kwa namba ya mchakato wako, nawe utayaona mafaili ya faharasa yaliyokwisha kufutwa bado yameshikiliwa.

Tafuta kila mahali panapoitwa acquire uhakikishe kwamba release yake imo ndani ya finally ileile. Mahali pa kushuku kwanza ni penye return ya mapema, kwa mfano mtumiaji anapotuma neno tupu, na pale kitafutaji kinapohifadhiwa ndani ya kipindi cha mtumiaji ili kimsubiri ukurasa wa pili. Huko ni kukishikilia kwa muda wote ambao mtu amekwenda kunywa chai. Usihifadhi pia namba za ndani za hati ili uzitumie na kitafutaji kipya, kwa sababu namba hizo zina maana katika kisomaji kilekile tu. Baada ya kuhuisha, namba iliyokuwa ya kitabu kimoja inaweza kuwa ya kingine. Ikiwa ni lazima ukurasa wa pili utoke katika hali ileile ya faharasa, tumia SearcherLifetimeManager, inayokupa tokeni ya kumkabidhi mtumiaji na kukuwezesha kuviondoa visomaji vilivyozeeka. Uwe tayari kupokea null tokeni ikiwa imepitwa na wakati, na katika hali hiyo tafuta upya.

Ukitumia MMapDirectory (njia ya Lucene ya kusoma mafaili kupitia ramani za kumbukumbu), visomaji visivyorudishwa hula pia idadi ya ramani za kumbukumbu ambazo mchakato mmoja unaruhusiwa. Katika seva nyingi za Linux kikomo hicho, vm.max_map_count, ni 65530. Kukipandisha kabla ya kuziba uvujaji ni kuahirisha tatizo hadi usiku ambao huna mtu zamu.

Utafutaji ukizidi sekunde 2 tunaukatisha kwa Future.cancel(true). Tangu tuanze, watumiaji wengine kabisa hupata ClosedChannelException. (Moshi)

Mnatumia NIOFSDirectory (njia ya Lucene ya kusoma mafaili kupitia chaneli za Java), bila shaka. Katika Java, uzi ukikatizwa huku ukisoma faili kupitia chaneli, chaneli yenyewe hufungwa, nayo ndiyo inayotumiwa na wenzake wote. Mmemkatisha mtu mmoja mkawafungia mlango wote, na kisomaji hicho hakitapona. Acheni kukatiza nyuzi zinazogusa faharasa. Wekeni kikomo ndani ya utafutaji wenyewe. Matoleo ya baadaye ya Lucene 9 na yale yaliyofuata yana setTimeout kwenye IndexSearcher.

Hapo pia pana mtego wa rasilimali ya pamoja, kwani kikomo hicho hukaa ndani ya kitafutaji, kwa hiyo mkikiweka kwenye kile cha SearcherManager mnakuwa mmewawekea watu wote. Undeni IndexSearcher mpya juu ya kisomaji kilekile mlichokichukua, jambo ambalo ni jepesi, mkiwekee kikomo cha ombi hilo, kisha mkirudishe kile cha awali. Baada ya utafutaji ulizeni timedOut, na mkijibiwa kuwa muda uliisha, mwambieni mtumiaji kwamba matokeo hayajakamilika. Kumwonyesha nusu ya orodha kana kwamba ndiyo yote ni kumdanganya.

Umeme ukikatika, hoteli zilizoongezwa asubuhi hupotea, ingawa zilikuwa zikionekana kwenye utafutaji. (Usa River)

Kuonekana si kuhifadhiwa. SearcherManager iliyoundwa juu ya IndexWriter huonyesha mabadiliko kabla hayajathibitishwa diskini, na umeme ukirudi faharasa huanzia commit (uthibitisho wa diskini) ya mwisho. Iteni commit kwa ratiba, kwa mfano kila dakika moja, wala si baada ya kila hati, kwa kuwa kila commit huilazimisha diski kuandika hadi mwisho. Chanzo halisi cha taarifa kiwe hifadhidata, ili faharasa iweze kujengwa upya wakati wowote.

Tunaweza kuweka saraka moja kwenye NFS (hifadhi ya mafaili inayoshirikiwa kupitia mtandao) ili seva mbili ziandike kwa pamoja? (Arusha)

Hapana. Seva moja iandike kwenye diski yake, nyingine ipokee nakala baada ya kila commit, na ombi lolote la kuandika linalofika kwenye hiyo ya pili lipelekwe kwa ya kwanza.