Shamba la Roshani Huanzia kwenye Ndoo ya Maganda

Msomaji ameandika kwamba miche yake ya nyanya imedumaa kwa mara ya pili mfululizo. Majani yamegeuka manjano, naye anauliza anunue mbegu za aina gani. Mbegu hazina kosa. Anayetaka maisha ya shamba ndani ya mji aanze na udongo, na chakula cha udongo huo ni maganda anayoyatupa kila siku.

Chukua ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko. Toboa matundu ya milimita 6 hivi: kumi kwenye kitako, ishirini kuzunguka ubavu. Iinue ndoo juu ya vipande vya mbao na uweke sinia chini la kukinga maji meusi yatakayochuruzika. Tandika majani makavu au boksi lililochanwachanwa, kina cha kiganja. Kisha kila kopo moja la maganda yaliyokatwakatwa lifunikwe na makopo mawili ya vitu vikavu. Nyama, samaki na mafuta visiingie kabisa. Huleta panya na funza. Geuza mara moja kwa wiki. Ya kwanza ikijaa, iache iive huku ukijaza ya pili.

Pua itakuambia mengi. Harufu ya yai viza maana yake maji yamezidi na hewa haipiti: ongeza boksi, geuza. Harufu kali kama ya mkojo, mabichi yamezidi makavu. Sisimizi wakihamia, ndoo imekauka. Kipimo cha unyevu ni mkono wako: fumbata konzi moja na ukamue. Tone moja au mawili yakitoka, umepatia.

Baada ya miezi mitatu hivi mboji, yaani maganda hayo yaliyooza kuwa mbolea, huwa nyeusi, hutambui tena ganda la ndizi, na hunukia kama ardhi baada ya mvua. Usiiharakishe, tafadhali. Mboji iliyojaa boksi na majani makavu yasiyooza bado hunyang'anya mimea nitrojeni, kirutubisho kinachoyaweka majani kijani, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha huihitaji pia. Manjano ya majani mara nyingi hutokea hapo.

Ikishaiva, changanya kopo moja la mboji, moja la udongo, moja la mchanga wa chengachenga. Udongo mtupu ndani ya ndoo hushindiliwa na maji hadi mizizi ikakosa hewa. Na lile zoea la kutandika kokoto chini ya chungu liachwe. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulowe chapachapa, kwa hiyo tope husogea juu, kwenye mizizi yenyewe.

Mche mmoja wa nyanya unataka ndoo nzima ya lita 20 na jua la saa sita au zaidi. Ndoo hiyo ikilowa hufikia kilo 30, basi zipange karibu na ukuta wa nyumba, si ukingoni mwa roshani. Masinia yamwagwe kila baada ya siku mbili, mbu wasizaliane.

Kwa miche iliyopo sasa, ng'oa mmoja utazame mizizi. Ikiwa myeupe na migumu, mpe mboji iliyoiva. Ikiwa ya kahawia na inateleza, mche umezama kwa maji; hamisha iliyobaki kwenye mchanganyiko mpya leo hii.