Kamera inatokea kwenye orodha lakini haifunguki, na triga haipigi picha

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: kwa nini kamera yako mahiri (ya kukagua bidhaa kiwandani) inatokea kwenye orodha ya programu lakini ukiibofya inagoma, na kwa nini sensa inayotoa triga, yaani ishara ya kuiambia kamera ipige picha, inawaka taa yake bila picha kupigwa. Nimefunga kamera za aina hii sana, na naona watu wengi huchanganya mtandao na ishara. Mtandao hubeba taarifa: mipangilio, picha, majibu. Ishara ni umeme kwenye waya, upo au haupo, na kazi yake ni kusema "sasa". Matatizo yako hayahusiani: la kwanza ni la mtandao, la pili ni la ishara.

Programu inapotafuta kamera hupiga mbiu kwa vifaa vyote vilivyo kwenye swichi ya mtandao, kwa hiyo hata kamera yenye anwani ya IP isiyolingana na ya kompyuta inaweza kuitikia. Kuifungua ni habari nyingine. Kompyuta yako ni 192.168.1.10, kamera 192.168.0.20, maski ya sabneti (namba inayoamua anwani zipi zinahesabiwa mtandao mmoja) kote 255.255.255.0. Maski hiyo inataka namba tatu za mwanzo zifanane, na zako zinaachana kwenye ya tatu. Badili anwani moja tu, ya kamera au ya kompyuta, zifanane hapo. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, ujue kamera ilisubiri kupewa anwani na DHCP (huduma ya mtandao inayogawa anwani yenyewe), haikupata, ikajipa yenyewe. Kwenye mashine mimi DHCP siitaki kabisa. Kila kamera naiwekea anwani ya kudumu na kuiandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito.

Ping (amri ya kompyuta ya kuuliza kama kifaa kinafikika kwenye mtandao) ikijibu usishangilie mapema, imethibitisha njia tu. Picha zikikataa kuja huku ping inajibu, kagua kwanza ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta, programu inayozuia mawasiliano.

Sasa triga. Sensa ziko za aina mbili, PNP na NPN. Ya PNP husukuma volti 24 kwenye inputi ya kamera (sehemu inayopokea ishara), hivyo waya wa pamoja wa inputi, ule wa pili unaokamilisha mzunguko wa umeme, unakwenda 0 V. Ya NPN huvuta kwenda 0 V, kwa hiyo waya wa pamoja unakwenda +24 V. Ukifunga kinyume, taa ya sensa itawaka vizuri tu na kamera haitasikia kitu. Umesema sensa ni NPN na waya wa pamoja uko 0 V. Hapo ndipo penye kasoro.

Kuna aliyekushauri utume triga kupitia mtandao. Kwa kitu kilichosimama, sawa. Mkanda unaobeba bidhaa ukienda mita 1 kwa sekunde, kila milisekunde ni milimita 1: ujumbe ukichelewa milisekunde 20, kitu kimeshasogea sentimita 2, na ubaya ni kwamba ucheleweshaji huo haulingani kila mara. Waya hauna mambo hayo. Hesabu hiyohiyo inahusu muda wa mwanga kuingia: ukiuweka milisekunde 2, picha itakuwa na ukungu wa milimita 2.

Ukishahamisha waya wa pamoja, weka mita ya kupima volti kati yake na waya wa inputi, kisha pitisha kitu mbele ya sensa. Ukisoma karibu volti 24 na bado hakuna picha, umeme hauna kosa. Ingia kwenye programu uone kama kamera imewekwa kusubiri triga ya nje.